Kulipia tiketi za ndege kwa kadi zaidi ya moja: mwongozo kamili

Familia ya watu watano inayotoka Columbus, Ohio, kwenda Dar es Salaam mwezi wa Desemba inaweza kudaiwa dola elfu sita au saba kwa mkupuo mmoja. Si wengi wenye kadi moja inayobeba kiasi hicho. Walizo nazo ni mbili: ya baba yenye kikomo cha dola 3,500 na ya mama yenye 4,000. Ukizijumlisha, hela ipo. Ila ukurasa wa malipo wa shirika la ndege una kisanduku kimoja tu cha nambari ya kadi. Ukiweka ya baba inagoma, ukiweka ya mama inagoma.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi ndugu walio Marekani na Uingereza wanaokata tiketi za kurudi nyumbani, au wanaomkatia mama tiketi aje kuwaona wajukuu. Aliye Nairobi au Mwanza naye atapata chake humu.

Kwa nini tovuti inataka kadi moja

Mfumo wa tiketi za ndege hauitambui familia. Unamtambua abiria mmoja mmoja. Tangu Juni 2008, mashirika yaliyo chini ya IATA (umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege) yalipoachana na tiketi za karatasi, kila abiria hupewa tiketi ya kielektroniki yenye nambari ya tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Ndani ya tiketi hiyo kuna sehemu inayoeleza imelipiwa kwa njia gani: taslimu, kadi, vocha. Tovuti nyingi zimetengenezwa kujaza sehemu hiyo kwa kadi moja, basi.

Chukua stetimenti ya mtu aliyewahi kukatia familia nzima tiketi kwa kadi moja uitazame. Mara nyingi hutakuta kiasi kimoja kikubwa. Utakuta makato manne au matano yaliyofuatana, kila moja na nambari yake ya tiketi. Maana yake malipo yalishagawanyika kwa abiria hata kabla hujaomba. Ndiyo sababu njia inayofanya kazi karibu kila shirika ni kuacha tiketi moja moja iende na kadi yake, badala ya kulazimisha kadi mbili ziingie kwenye tiketi moja.

Kabla ya kugawa chochote, hakikisha tatizo ni kikomo kweli

Kadi kukataliwa hakumaanishi kwamba haina nafasi. Kuna mambo manne ya kuangalia kwanza, na moja wapo likikaa sawa huenda usihitaji kabisa kadi ya pili.

La kwanza ni kikomo cha ununuzi wa mtandaoni kwa siku. Kadi za benki, hasa za huku Afrika Mashariki, huwa na kikomo cha siku kisichohusiana na salio. Akaunti inaweza kuwa na milioni nane na kadi ikakataa milioni tatu. Hili hurekebishwa kwenye programu ya benki au kwa kupiga simu tawini, na baadhi ya benki huongeza kwa muda wa saa chache tu kisha hurudisha.

La pili ni benki kukushuku. Mtu ambaye kila wiki ananunua mafuta ya gari na vyakula, ghafla anatumia dola elfu tatu kwa shirika lenye makao Addis Ababa saa tano usiku. Mfumo wa benki unafunga. Piga nambari iliyo nyuma ya kadi kabla ya kulipa, watajie shirika, kiasi na sarafu, na uwaambie yatakuja makato kadhaa yaliyofuatana.

La tatu ni deni lililokaa kwenye kadi. Kadi yenye kikomo cha 4,000 na deni la 1,200 ina nafasi ya 2,800 tu. Ukilipa deni hilo siku nne au tano mapema, nafasi inarudi. Unaweza hata kulipa zaidi ya deni, kadi ikabaki na salio la ziada juu ya kikomo chake. Benki nyingi za Marekani hulikubali hilo kwa viwango vya kawaida, ila ukimwaga maelfu ya ziada kwa siku moja watakuuliza, na wanaweza kuyazuia kwanza.

La nne wengi hawalijui. Kama kadi zako mbili ni za benki moja, baadhi ya benki hukubali kuhamisha kikomo kutoka kadi hii kwenda ile. Unapiga simu, unaomba dola 2,000 zitoke kwenye kadi usiyoitumia ziende kwenye unayotaka kulipia. Kuomba kuongezewa kikomo ni jambo tofauti. Huko wanaweza kukagua historia yako ya mikopo upya na alama zako zikashuka kidogo.

Umeyaangalia yote na bado hela haitoshi kwenye kadi moja? Twende kwenye kazi yenyewe.

Njia ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo bora: gawa abiria

Turudi kwa familia ya Columbus. Tuseme safari ni Columbus hadi Washington, kisha Ethiopian hadi Addis Ababa na Dar. Tuseme mtu mzima ni dola 1,850, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4 kila mmoja 1,450, na mchanga wa miezi kumi anayekaa mapajani ni 190. Jumla 6,790.

*Hatua ya 1: pata bei ya kila mtu.* Jumla peke yake haikusaidii. Kwenye ukurasa kabla ya malipo kuna mahali pa kubonyeza uone mchanganuo wa nauli na kodi kwa kila abiria. Nakili kwenye karatasi. Bei za watoto si nusu kama kwenye mabasi. Mchanga wa mapajani kwenye safari za kimataifa kwa kawaida hulipa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi, na mtoto mwenye kiti chake hupunguziwa kiasi, au hapunguziwi kabisa, kutegemea shirika na aina ya nauli.

*Hatua ya 2: panga makundi yanayokubalika.* Kila mtoto awe na mtu mzima kwenye buking yake. Ukijaribu kumkatia mtoto wa miaka 9 peke yake, tovuti itakataa au itamhesabu kama mtoto asafiriye bila mzazi, na hapo kuna ada na fomu. Mchanga hawezi kuwa na buking yake. Anaunganishwa na mtu mzima mmoja, na mtu mzima mmoja hubeba mchanga mmoja tu mapajani. Kwa familia yetu: baba na mtoto wa miaka 9 ni dola 3,300, zinaingia kwenye kadi ya 3,500. Mama, mtoto wa miaka 4 na mchanga ni 3,490, zinaingia kwenye kadi ya 4,000.

Acha pengo. Kama kadi ni ya sarafu nyingine na nauli iko kwa dola, kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya kulipa si lazima kiwe kile cha siku makato yanapoingia rasmi. Kadi nyingi za Marekani nazo hutoza karibu asilimia 3 kwa muamala wa nje ya nchi, na hiyo huja juu ya nauli. Mimi husema acha asilimia tano bila kuguswa.

*Hatua ya 3: tafuta bei kwa watu watano, kisha kwa watatu, kisha kwa wawili.* Hapa ndipo pesa hupatikana au hupotea, kwa hiyo tutulie kidogo. Viti vya daraja la kawaida haviuzwi kwa bei moja. Shirika huvigawa kwenye madaraja ya nauli yenye herufi, na kila herufi ina idadi yake ya viti. Ukitafuta viti vitano na kwenye daraja la bei ndogo vimebaki vitatu tu, mfumo haukupi vitatu vya bei ndogo na viwili vya bei kubwa. Kwa kawaida unawapandisha wote watano kwenye daraja la juu. Ukitafuta viti vitatu peke yake, bei ya chini inajitokeza. Kwa hiyo kuna siku ambapo kugawa familia kwa sababu ya kadi kunaishia kupunguza gharama.

Upande wa pili upo pia. Kundi la kwanza likishachukua viti vya bei ndogo, la pili linaweza kukuta bei imepanda. Ndiyo maana unaangalia kwanza bei ya watu wote kwa pamoja. Bei ya mtu mmoja kwenye utafutaji wa watano ikilingana na bei ya mtu mmoja akitafutwa peke yake, viti vya daraja hilo vinawatosha wote, na hutapigwa na bei mpya katikati ya kazi. Mchanga wa mapajani hahesabiwi hapa kwa kuwa hachukui kiti.

*Hatua ya 4: jaza buking zote mbili hadi ukurasa wa malipo kabla ya kulipa yoyote.* Tumia vifaa viwili, mfano laptopu na simu. Linganisha nambari za ndege, tarehe na saa za kila mguu wa safari, si za mguu wa kwanza tu. Kosa la kawaida ni kundi moja kurudi na ndege ya usiku wa tarehe 4 na lingine alfajiri ya tarehe 5, kwa kuwa tovuti ilipendekeza saa tofauti na mtu akabonyeza bila kusoma. Majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti. Abiria mmoja asitokee kwenye buking mbili kwa ndege ileile: mifumo ya mashirika hutafuta majina yanayojirudia na kufuta buking, wakati mwingine ile uliyokwisha kuilipia.

*Hatua ya 5: anza na kadi unayoitilia shaka.* Watu hufanya kinyume. Hulipa na kadi nzuri, wanafurahi, kisha ya pili inagoma na nusu ya familia haina safari. Kadi yenye kikomo kilichobana, au ya benki yenye tabia ya kuzuia, itangulie. Ikikataa, hujapoteza kitu, unapanga upya. Ikipita, ndani ya dakika moja lipa ya pili.

*Hatua ya 6: tumia saa 24 zako.* Kwa safari zinazotoka, zinazoingia au zilizo ndani ya Marekani, kanuni ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani inalitaka shirika la ndege ama likushikilie nafasi kwa bei ileile kwa saa 24 bila kulipa, ama likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha zote, mradi umenunua siku saba au zaidi kabla ya safari. Inayahusu pia mashirika ya nje yanayoruka Marekani. Kwa hiyo kundi la pili likishindikana kabisa, futa la kwanza siku hiyohiyo. Angalizo: kanuni hii inalibana shirika la ndege unaponunua moja kwa moja. Ukinunua kwa wakala wa mtandaoni, soma masharti yake.

*Hatua ya 7: pigia shirika simu waziunganishe buking zenu.* Kila kundi lina msimbo wake wa herufi sita. Mwambie mhudumu kwamba watu hawa ni familia moja, aandike kwenye kila buking msimbo wa nyingine. Hapo hapo panga viti. Na uelewe mipaka yake: hayo ni maelezo tu yanayosomwa na wafanyakazi, hayazifanyi buking mbili kuwa moja. Ndege ikifutwa, mfumo unaweza kumhamishia baba kesho asubuhi na mama kesho jioni. Siku ya vurugu, mtu mmoja asimame dirishani na misimbo yote miwili mkononi.

Mgawanyo wa kuuepuka

Kuna wanaowaza: kadi hii ilipie kwenda, ile ilipie kurudi. Kwa safari ndefu za kimataifa ni hesabu mbaya mara nyingi. Tiketi ya kwenda tu haiuzwi nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Si ajabu kukuta inakaribia bei nzima. Zaidi, anayesafiri na viza ya matembezi akiwa na tiketi ya kwenda tu ataulizwa dirishani atarudi vipi, na itabidi atoe tiketi ya pili. Kama bei zimetokea kuwa sawa, fanya, lakini chapisha zote mbili.

Kugawa kwa vipande vya safari ni kubaya zaidi. Ukilipa Columbus hadi Washington kwa kadi moja na Washington hadi Dar kwa nyingine, umenunua mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili linakuhesabu kama mtu ambaye hakutokea. Mizigo nayo huenda ikakulazimu kuichukua na kuisajili upya.

Kinachogawanyika bila taabu ni vya pembeni: begi la ziada, kiti cha nafasi ya miguu, bima. Nauli iende kwenye kadi moja, baada ya saa moja ingia kwenye buking yako ulipie begi na kadi nyingine. Kama upungufu wako ni dola mia mbili tatu, huenda jibu lote liko hapa.

Kwa simu, ofisini au kwa wakala

Msafiri ni mmoja na tiketi ni moja ya dola 1,900, na kila kadi ina elfu moja tu. Hapa huna abiria wa kugawa. Unahitaji binadamu.

Mhudumu wa ofisi ya shirika au wakala wa usafiri hukata tiketi ndani ya mifumo kama Amadeus, Sabre au ya Travelport, na huko sehemu ya malipo inakubali kuandikwa njia zaidi ya moja na kiasi cha kila njia. Mchanganyiko wa taslimu na kadi moja ni jambo la kawaida. Kadi mbili kwenye tiketi moja hutegemea shirika na nchi inakokatiwa, kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutoka nyumbani ni hili: "Naomba kulipia tiketi moja, abiria mmoja, kwa kadi mbili; kiasi fulani hapa na kiasi fulani pale. Mnaweza kuikata leo?" Ukisema tu "mnapokea kadi mbili?" utajibiwa ndiyo na mtu aliyedhani unauliza kama wanapokea Visa na Mastercard.

Uliza na ada ya huduma. Kwa simu au ofisini, wengi hutoza kwa kila tiketi.

Wakala mwenye mashine yake ya kadi ana njia nyingine: anakata kadi zako mbili kama malipo kwake yeye, kisha yeye analilipa shirika. Ni rahisi sana, lakini kwenye stetimenti jina litakalotokea ni la wakala, na hilo ndilo litakaloamua unamdai nani mambo yakiharibika. Kabla ya kumpa hela, hakikisha ni wakala wa kweli. Vyama vya mawakala wa usafiri vipo: nchini Kenya wapo wanachama wa KATA, Tanzania wa TASOTA, na aliyesajiliwa IATA ana nambari yake anayoweza kukuonyesha. Akishakukatia, usiridhike na karatasi yenye njia ya safari. Dai nambari ya tarakimu 13, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uone kama tiketi ipo. Msimbo wa herufi sita bila nambari ya tiketi ni nafasi iliyoshikiliwa tu, haijalipiwa.

Na yule wa kwenye kundi la WhatsApp anayeuza tiketi ya Dar kwa nusu bei? Nyingi za namna hiyo hulipiwa kwa kadi zilizoibwa. Mwenye kadi akilalamika benki, tiketi inafutwa, nawe unaligundua uwanjani.

Kadi za zawadi, vocha na maili

Mashirika makubwa ya Marekani huuza kadi za zawadi zao wenyewe, na tovuti zao hukubali kuchanganya kadi ya zawadi na kadi ya mkopo kwenye malipo yaleyale. Kwa hiyo unaweza kununua kadi ya zawadi ya dola 900 kwa kadi ya kwanza, ukaitumia, na salio likalipwa na kadi ya pili. Ni njia halali ya kufikisha kadi mbili kwenye tiketi moja. Masharti mawili tu: hakikisha kwanza kwamba safari unayoitaka inauzwa na shirika hilo (mfano, Delta huuza safari zinazoendelea na KLM kutoka Amsterdam hadi Kilimanjaro na Dar) na kwamba kadi yake ya zawadi inakubalika kwa safari hiyo. Pili, tiketi ikirudishwa, sehemu hiyo kwa kawaida hairudi kwenye kadi ya mkopo. Inabaki kuwa hela ya shirika.

Kadi za Visa za kulipia kabla zinazouzwa dukani sizipendi kwa kazi hii. Huna jinsi ya kuziunganisha na kadi nyingine kwenye tovuti nyingi, na tiketi ikirudishwa miezi minne baadaye, kadi yenyewe ulishaitupa.

Maili (pointi unazopewa na shirika kwa kusafiri nalo) pamoja na fedha nayo ni aina ya mgawanyo; Emirates, kwa mfano, ina mpango wa kulipa sehemu kwa maili za Skywards. Linganisha thamani kwanza, maana maili huko hununua kidogo. Malipo ya awamu kama ya kampuni ya Affirm yapo pia kwenye tovuti kadhaa za Marekani, na riba yake inaweza kufika asilimia 36 kwa mwaka. Isome riba kabla ya kubonyeza.

Ukilipia kutoka huku nyumbani

Kenya Airways inapokea M-Pesa, na tangu Agosti 2023 muamala mmoja wa M-Pesa nchini Kenya una kikomo cha shilingi 250,000. Tiketi mbili tatu za nje ya Afrika zinakivuka. Suluhisho ni lilelile: gawa abiria, buking hii kwa M-Pesa, ile kwa kadi ya benki. Kadi ya mtandaoni ya GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliizindua 2022 hufanya kazi kama kadi ya kawaida kwenye tovuti za nje, na hela inatoka kwenye M-Pesa yako.

Jambo la kukumbuka ni ule ujumbe wa nambari ya siri ya mara moja. Benki inautuma kwenye laini ya simu iliyosajiliwa. Kama kadi ni ya kaka aliye Arusha na wewe unalipia ukiwa Muscat, mpange awe na simu mkononi na mtandao upo, kwa sababu nambari hiyo ina dakika chache tu. Laini iliyozimwa kwa kutotumika ndiyo inayoua malipo mengi kuliko salio dogo.

Kadi si ya msafiri: jambo la uwanjani

Ukigawa malipo kati ya ndugu, kuna uwezekano abiria anasafiri na tiketi iliyolipiwa na kadi isiyo yake. Baadhi ya mashirika yanayoruka Afrika huomba kuona kadi iliyolipia wakati wa kujisajili kwa safari, ili kuzuia wizi. Mama yuko uwanja wa Julius Nyerere, kadi iko Birmingham. Hili lisikukute.

Unaponunua, soma kama kuna sharti la kuonyesha kadi. Kama lipo, lipigie shirika simu siku hiyohiyo uulize utaratibu wa kadi ya mtu mwingine. Kwa kawaida ni fomu ya idhini yenye sahihi ya mwenye kadi, nakala ya kitambulisho chake, na nakala ya kadi. Au mwenye kadi aende mwenyewe ofisi ya shirika iliyo karibu naye akaionyeshe. Kwenye nakala ya kadi funika tarakimu za katikati, zibaki sita za mwanzo na nne za mwisho. Zile tatu za nyuma usizitume kwa yeyote, hata kwa anayesema ni wa shirika. Mwombe mhudumu aandike kwenye buking kwamba uhakiki umekamilika, nawe umpe mama karatasi hizo akae nazo pamoja na pasipoti.

Ikigoma katikati

Ukurasa umezunguka, umekwama, hujui kama umelipa. Usibonyeze tena. Fungua barua pepe, kisha programu ya benki. Ukiona kiasi kimewekwa kando lakini huna tiketi, hiyo ni hela iliyozuiwa tu, bado haijachukuliwa. Shirika lisipokamilisha muamala, itaachiwa yenyewe, kwa siku chache za kazi kutegemea benki. Tatizo ni kwamba katika siku hizo nafasi ya kadi imepungua, na jaribio la pili litakataliwa hata kama kila kitu kiko sawa. Pigia shirika kwanza, uulize kama buking ipo na kama inaweza kulipiwa kwa simu. Kisha benki, waombe waachie kile kiasi. Piga picha ya skrini yenye saa.

Fedha zikitakiwa kurudi

Marejesho hurudi njia ileile yaliyotokea. Tiketi ya baba itarudi kwenye kadi ya baba, ya mama kwenye ya mama. Usifunge kadi yoyote iliyolipia kabla safari haijaisha. Andika mahali pamoja: jina la abiria, nambari ya tiketi, tarakimu nne za mwisho za kadi, kiasi, tarehe. Mistari mitano, na itakuokoa na simu za saa nzima.

Kwa safari za Marekani, ndege ikifutwa na shirika na wewe ukakataa kuhamishiwa nyingine, kanuni za 2024 zinataka fedha zirudi ndani ya siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 za kalenda kwa njia nyingine. Anayewajibika ni yule ambaye jina lake liko kwenye stetimenti yako, ndiyo maana nikasisitiza kuhusu mashine ya wakala. Akigoma, pinga makato kwa benki kwa maandishi. Sheria ya Marekani inatoa siku 60 tangu upelekewe stetimenti yenye makato hayo, na hapa kila kadi ina madai yake.

Uingereza kuna ulinzi mkubwa zaidi. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinaifanya benki ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi 30,000, hata kama kadi ililipia sehemu ndogo tu ya bei. Kadi ya kawaida ya benki, inayokata hela moja kwa moja kwenye akaunti yako, haina ulinzi huo wa kisheria, na ukipitia kwa wakala unaweza kuupoteza kwa kuwa hukumlipa aliyetoa huduma. Kwa hiyo aliye London mwenye kadi moja ya mkopo na moja ya benki azipeleke kwenye kadi ya mkopo zile tiketi za bei kubwa zaidi.

Mwisho ni bima ya safari inayokuja na kadi. Kuna zinazosema inatosha sehemu ya nauli kulipiwa na kadi hiyo, na kuna zinazotaka nauli yote. Ukigawa abiria, kila abiria ana nauli yake yote kwenye kadi moja na hupati shida. Ukigawa tiketi moja kati ya kadi mbili, fungua kijitabu cha masharti cha kila kadi utafute neno "yote" kabla ya kumwambia mhudumu akate.